Njia ya Maji ya Jicho: Kinachobadilika Ndani ya Wavu wa Trabekula Katika Glakoma

Hotuba hii ilitolewa mjini Moshi mbele ya matabibu, wauguzi, wafamasia na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu kutoka Kilimanjaro na Arusha. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wenzetu ambao zamu za kazi ziliwazuia kufika.

Ndugu Mwenyekiti, madaktari na matabibu wenzangu, wauguzi, wafamasia, ndugu zetu wa maduka ya dawa mliotoka Hai, Rombo, Same, Monduli na Karatu, habari za asubuhi. Wazee mliokaa mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie glakoma, ugonjwa unaoua polepole neva ya jicho, nami najua kuwa wengi wenu mmekwisha kusikia mazungumzo yanayoanza na presha ya jicho na kuishia na upofu. Leo naomba ruhusa yenu nikae katikati, mahali ambapo mazungumzo hayo hupita mbio. Presha hiyo inatoka wapi? Jicho ambalo kwa miaka 50 limetoa maji yake bila taabu yoyote, ni kitu gani kinachogeuka ndani yake hata maji yashindwe kupita? Jibu limo katika kipande cha tishu ambacho unene wake haufikii nusu milimita, na ambacho hakuna hata mmoja kati yetu anayeweza kukiona kwa tochi wala kwa kumtazama mgonjwa usoni. Hoja yangu ni kwamba njia ya maji ya jicho ni tishu hai, na kwamba glakoma ya kona iliyo wazi, yaani ile ambayo mlango wa njia hiyo haujafunikwa, ni ugonjwa wa tishu hiyo kabla haijawa ugonjwa wa kuona.

Tuanze na njia yenyewe. Nyuma ya airisi, ile sehemu ya jicho yenye rangi, kuna tishu inayotengeneza maji safi yanayolisha konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na lenzi, kwa sababu sehemu hizo mbili hazina mishipa ya damu. Maji hayo si machozi. Naomba tukubaliane mapema juu ya hilo, maana katika kliniki hakosekani mgonjwa anayetuhakikishia kuwa jicho lake haliwezi kuwa na presha kwa kuwa linatoa maji vizuri. Mchana jicho hutengeneza kiasi cha maikrolita 2 hadi 3 kwa dakika, na usiku kiasi hicho hushuka karibu nusu. Chumba cha mbele cha jicho kinabeba takriban robo mililita, kwa hiyo maji yaliyomo hubadilishwa yote kila baada ya saa moja na nusu hadi mbili. Kitu kinachotengenezwa bila kukoma lazima kitoke bila kukoma, na sehemu kubwa ya maji hayo hutokea kwenye kona, pale konea inapokutana na airisi. Hapo ndipo ulipo wavu wa trabekula, tishu yenye matundu ambamo maji hupenya. Nyuma ya wavu huo kuna mfereji mwembamba unaolizunguka jicho lote, ambao Friedrich Schlemm, mwanaanatomia wa Berlin, aliueleza mwaka 1830 na ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kutoka katika mfereji wa Schlemm maji huingia katika vijia vya kukusanyia, kisha katika vena zilizo juu ya weupe wa jicho, na huko yanachanganyika na damu.

Je, ukinzani, yaani kile kinachoyazuia maji yasipite kwa urahisi, uko wapi katika safari hiyo? Maana bila ukinzani wowote jicho lingesinyaa, na ukinzani ukizidi presha hupanda kupita kiwango tunachokizoea cha milimita 10 hadi 21 za zebaki. Aliyetoa jibu lenye nguvu ni daktari Morton Grant wa Boston, Marekani. Alichukua macho ya watu waliofariki, akayaunganisha na mrija uliosukuma maji kwa shinikizo alilolijua, akapima kiasi kilichopita. Kisha akaukata wavu wa trabekula kuzunguka jicho lote na kupima tena. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1963, takriban 75% ya ukinzani wote iliondoka kwa mkato huo mmoja. Wengine waliorudia kazi hiyo baadaye kwa shinikizo la chini zaidi walipata karibu nusu, lakini hata nusu ni kubwa kwa tishu ndogo kiasi hicho. Mwaka 1992 watafiti wa Uppsala, Sweden, waliingiza ncha za kioo nyembamba mno katika macho ya nyani, wakapima shinikizo hatua kwa hatua kuelekea kwenye mfereji. Walikuta kwamba sehemu kubwa ya ukinzani imo katika maikroni 7 hadi 14 za mwisho (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kabla tu ya ukuta wa ndani wa mfereji wa Schlemm.

Ndugu zangu, chembe nyekundu moja ya damu ina kipenyo cha maikroni 7 hivi. Mnaona tunazungumzia nini? Ugonjwa unaowapofusha wazee wetu, upofu usiorudi nyuma, unaanza katika unene usiozidi kipenyo cha chembe moja au mbili za damu.

Sasa tuingie ndani ya unene huo. Katika jicho lisilo na ugonjwa, wavu wa trabekula umejengwa kwa mihimili myembamba ya kolajeni na nyuzi za kunyumbulika, na kila mhimili umevikwa seli. Kadiri unavyokaribia mfereji, mihimili hiyo inakwisha na kubaki tabaka la seli zilizotawanyika ndani ya nyuzi laini na protini. Mwisho kabisa upo ukuta wa ndani wa mfereji, ambao ni safu moja tu ya seli. Seli za safu hiyo huvimba kwa kusukumwa na maji, zikafanya mifuko mikubwa, na katika kuta zake hutokea vitundu vinavyofikia takriban maikroni moja. Na zile seli zilizovika mihimili zina kazi ambayo watu wengi hawaijui: zinakula. Zinameza chembe za rangi zilizodondoka kutoka kwenye airisi, mabaki ya seli zilizokufa na takataka nyingine zinazoletwa na maji, na pia zinavunja protini zilizochakaa na kutengeneza mpya.

Wenzangu mliokulia Machame, Marangu au Kibosho mnaujua mfongo, ule mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba. Mnajua kuwa maji ya mlimani hayafiki kwenye migomba kwa sababu tu babu alichimba. Yanafika kwa sababu kila msimu watu wa ukoo hutoka na majembe kuondoa tope na majani, na kuziba palipobomoka. Seli za trabekula ndizo watu hao wa mfongo. Lakini hapa naomba tuwe waangalifu, kwa sababu mfano huu una mwisho wake. Mtu akisikia habari ya mfongo atadhani glakoma ni tope tu, kwamba kuna kitu kimeziba na kikiondolewa maji yatapita kama zamani. Kwa muda mrefu hata wataalamu walidhani hivyo, na hadubini ndiyo iliyowafanya wafikiri upya.

Jambo la kwanza ambalo hadubini ilionyesha ni upungufu wa seli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Jorge Alvarado na wenzake wa San Francisco walikaa chini wakahesabu seli za trabekula katika macho ya watu wa rika mbalimbali. Ni kazi ya kuchosha, na mimi huiheshimu kuliko kazi nyingi zenye mashine za bei kubwa. Walikuta kuwa kila mtu hupoteza seli hizo kadiri anavyozeeka, na walipochapisha mwaka 1984 hesabu za macho yenye glakoma ya kona iliyo wazi, macho hayo yalikuwa na seli chache kuliko ya watu wa umri uleule wasio na ugonjwa. Mhimili uliopoteza seli zake hubaki uchi, na mihimili iliyo uchi hugusana na kushikana, na nafasi iliyokuwa kati yake inafungika. Kumbukeni hilo mnapoona umri umeandikwa kwenye kadi ya mgonjwa.

Jambo la pili lilitoka Ujerumani, na lina kisa nyuma yake. Mwaka 1968 daktari Cairns wa Cambridge, Uingereza, alichapisha upasuaji ambao bado tunaufanya, trabekulektomi. Nia yake ilikuwa kwamba kipande kidogo cha wavu kikiondolewa, maji yataingia moja kwa moja katika ncha zilizokatwa za mfereji wa Schlemm. Baadaye ikaonekana kuwa pale upasuaji unapofaulu, maji hupita zaidi chini ya konjunktiva, ule utando unaofunika weupe wa jicho. Upasuaji ulifanya kazi kwa njia tofauti na ile iliyokusudiwa, na hakuna mgonjwa aliyelalamika. Lakini kwa sayansi zawadi kubwa ilikuwa kile kipande kilichokatwa, kwa kuwa sasa tishu ya mgonjwa aliye hai iliweza kupelekwa chini ya hadubini ya elektroni. Johannes Rohen na Elke Lütjen-Drecoll, wakiwa Erlangen, waliichunguza tishu ya aina hiyo kwa miaka mingi. Walieleza mabaka ya dutu nzito yanayojijenga kuzunguka nyuzi za kunyumbulika katika tabaka lililo jirani na mfereji. Macho ya wazee wasio na glakoma yanayo pia, lakini macho yenye glakoma yana mengi zaidi.

Basi hapo si tumepata tope letu? Ndivyo wengi walivyosema. Lakini vipimo vilivyofuata vilileta utata. Mabaka yalipopimwa eneo lake, hayakutosha kueleza ukinzani wote uliokuwapo. Bado ilibaki nafasi ambayo kwa hesabu maji yangepita. Isitoshe, mwaka 1997 kikundi hichohicho cha Erlangen kilichapisha kuwa wingi wa mabaka ulilingana na kiwango cha uharibifu wa neva ya jicho, ilhali haukulingana vizuri na presha iliyokuwa imepimwa. Na kuna swali ambalo kila mwanafunzi mzuri huliuliza: ikiwa vipande hivi vinatoka kwa wagonjwa waliofikia upasuaji, ambao wametumia matone kwa miaka, tutajuaje kuwa tunachokiona ndicho chanzo na si alama ya dawa au matokeo ya presha yenyewe? Ni swali la haki. Ndiyo maana mimi hukataa kusema kuwa mabaka ndiyo glakoma. Ni ushahidi kwamba tishu imeugua muda mrefu.

Kinachoonekana leo kuwa na uzito zaidi ni ugumu wa tishu. Katika maji ya macho ya wagonjwa wengi wa glakoma ya kona iliyo wazi imekutwa kwa wingi protini ya ishara iitwayo TGF-beta 2. Protini hii huziamrisha seli za trabekula zitengeneze kolajeni na fibronektini zaidi, na ziziunganishe nyuzi hizo kwa vifungo vigumu kuvunjika. Wakati huohuo seli zenyewe hubadilika kwa ndani: nyuzi za aktini zinazozipa umbo hujipanga na kukaza. Mwaka 2011 kikundi cha watafiti kilichapisha vipimo vya ugumu wa wavu wa trabekula kutoka kwa watu wenye glakoma na wasio nayo, na ule wa wagonjwa ulikuwa mgumu karibu mara 20. Vipimo vya namna nyingine vimetoa tofauti ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo msiondoke hapa mkiibeba mara 20 kama amri; ubebeni mwelekeo. Seli iliyokaa juu ya kitu kigumu huhisi ugumu huo na kujibu kwa kutengeneza nyuzi zaidi, nazo huongeza ugumu. Na ule ukuta wa ndani wa mfereji, ambao seli zake zinatakiwa zivimbe na kufungua vitundu, katika macho yenye glakoma umekutwa na vitundu vichache. Mtu wa mfongo, hata akiwa na jembe zuri, anafanya nini ikiwa kingo zenyewe zimegeuka mwamba?

Naomba sasa nizungumze na ndugu zangu wa maduka ya dawa, na naomba mnisikilize kwa upole kwa sababu sikuja kumlaumu mtu.

Kuna mtoto aliyekuwa akiwashwa macho kila kiangazi, pale vumbi linapozidi. Wengi wenu mnamjua mtoto wa aina hiyo: macho yanakuwa mekundu na ya kahawia pembeni, anayafikicha mpaka mwalimu anamrudisha nyumbani. Mama yake alienda kwenye duka akapewa kichupa cha matone ya deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi. Siku chache baadaye mtoto alitulia, akarudi shuleni, na mama akamshukuru Mungu na muuza duka. Kila macho yalipowasha, alirudi kununua kichupa kilekile. Hakuna aliyekosea kwa nia mbaya, na dawa ilitibu kile ilichopaswa kutibu. Miaka ilipita hivyo. Alipoletwa kliniki, sababu ilikuwa kwamba anagonga madawati upande mmoja, na presha ya macho yote mawili ilikuwa juu sana, huku neva ya jicho moja imeliwa karibu yote.

Nini kilitokea katika wavu wa trabekula wa mtoto yule? Tishu ya macho yaliyopata glakoma kutokana na steroidi imechunguzwa kwa hadubini ya elektroni, na sura yake inatofautiana na ile niliyoieleza. Karibu na mfereji kunarundikana dutu ya nyuzi nyembamba zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Katika seli zinazooteshwa maabara, deksamethasoni huzifanya nyuzi za aktini zifungamane katika muundo wa pembetatu pembetatu, na seli hupunguza kula takataka. Kutokana na seli hizohizo zilizowekewa deksamethasoni ilipatikana protini ambayo leo inaitwa miosilini, na mwaka 1997 jeni yake ikatambuliwa kuwa chanzo cha glakoma katika baadhi ya familia. Wachunguzi wa miaka ya 1960 waliwapa watu wazima wasio na ugonjwa matone ya steroidi kwa wiki kadhaa, wakaona kuwa kwa takriban mtu 1 kati ya 3 presha hupanda kwa kiasi fulani, na kwa wachache, kati ya 4 na 6 kwa kila 100, hupanda sana. Kwa wale ambao tayari wana glakoma, karibu wote hupanda. Je, dukani mnaweza kumtambua yupi ni yupi kwa kumtazama? Hata mimi siwezi. Kinachoweza kufanyika ni kutomwongezea mteja kichupa cha pili cha steroidi bila karatasi ya mtu aliyempima presha ya jicho, na kumweleza mama kwa maneno ya kawaida kwamba matone haya yanatuliza mwasho huku yakiweza kuziba njia ambayo haioni. Kwa mwasho wa mzio zipo dawa zisizo na steroidi, na hizo ndizo za kuanzia.

Zipo aina nyingine za glakoma ambazo nitazipita haraka. Katika glakoma ya kona iliyofungwa, wavu unaweza kuwa mzima lakini airisi imeufunika. Ndiyo maana mgonjwa wa glakoma anapaswa kuangaliwa kona kwa lenzi ya gonioskopi kabla hajapewa jina la ugonjwa. Ipo pia ile inayoletwa na unga mweupe unaojikusanya kwenye lenzi na katika wavu, ambayo John Lindberg aliieleza nchini Finland mwaka 1917 na ambayo majirani zetu wa Ethiopia wanaifahamu vizuri.

Turudi nyumbani. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa takriban watu 4 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, na wengi wao walikuwa na ile ya kona iliyo wazi. Dawa tunayoitoa zaidi, timololi, hupunguza utengenezaji wa maji. Inasaidia, lakini haigusi wavu, na inamtaka mgonjwa ainunue na kuitia kila siku ya maisha yake, ilhali yeye haumwi popote. Niambieni, kwa mkulima wa Siha ambaye anaona vizuri, kichupa cha mwezi huu kitashinda ada ya shule?

Ndiyo maana kazi iliyofanyika hapahapa Moshi, katika hospitali ya KCMC, na kuchapishwa mwaka 2021, ina maana kubwa kwangu. Wagonjwa 201 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa timololi na wengine leza inayoitwa SLT. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalikuwa yamefaulu kwa 61% ya macho ya waliopata leza, na kwa 31% ya macho ya waliopata matone. Leza za zamani, zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, ziliunguza wavu na kuacha makovu. SLT hutumia mwale mfupi mno, wa nanosekunde 3, unaonyonywa na chembe za rangi zilizo ndani ya seli za trabekula, na hadubini ya elektroni imeonyesha kuwa mihimili hubaki karibu kama ilivyokuwa. Inavyoelekea, seli zilizoguswa hutoa ishara zinazoita seli za ulinzi kuja kusafisha, na ukinzani unashuka. Hakuna tundu lililotobolewa. Kwa hiyo mgonjwa akiwauliza kama leza "imezibua", mwambieni kuwa imeiamsha tishu, na kuwa tishu hiyo itaendelea kuzeeka, hivyo athari ya leza hupungua kwa miaka na arudi kupimwa hata kama haoni tatizo lolote. Huko nje zimeanza kutumika pia dawa za matone zinazolegeza aktini ya seli za trabekula, Japani tangu 2014 na Marekani tangu 2017. Ni dawa zilizozaliwa moja kwa moja kutokana na mambo niliyowaeleza asubuhi hii.

Mambo machache ya kazi kabla sijaketi. Neva ya jicho ina nyuzi zaidi ya milioni moja, na uchunguzi wa macho ya waliofariki umeonyesha kuwa kati ya 25% na 35% ya seli zake zinaweza kuwa zimekufa kabla kipimo cha uwanja wa kuona hakijaonyesha kasoro bayana. Kwa hiyo msimsubiri mgonjwa alalamike. Anayegundulika na glakoma, waulizeni wadogo zake, kaka zake na watoto wake wakubwa wako wapi, na waandikieni waje. Presha ya kawaida isiwatoshe; wapo wenye glakoma ambao presha yao haijawahi kuvuka 21, na kwa hao ni kuitazama neva yenyewe. Na kwenye kila barua ya rufaa ya macho, andikeni kama mgonjwa amewahi kutumia steroidi, iwe ya matone, ya kupaka usoni, ya kuvuta au ya vidonge, na kwa muda gani. Mstari huo mmoja hutuokolea miezi ya kutafuta.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Naomba maswali yaanze kwa ndugu zetu wa maduka ya dawa, na kama kuna aliyekuja na vichupa anavyoviuza dukani kwake, alete hapa mbele tuzisome lebo pamoja.